Tulimpima Mtoto, Mama Tukampigia Makofi

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri ya kumpa mtu ambaye sasa hana pa kuwahi. Mkala pilau, mkasema maneno matamu ambayo sikuwahi kuyasikia nikiwa bado na funguo za stoo, kisha yule msichana mpya wa kliniki ya watoto akaniomba niwaandikie mawili matatu ya hekima. Hekima sina. Nina miaka mingi ya ukunga na makosa ya kutosha kujaza daftari, na moja kati yake linayashinda mengine yote. Hilo ndilo nitakaloandika, kwa sababu wiki yangu ya mwisho nilimwona mmoja wenu akilirudia, tena kwa furaha.

Mimi ni Mkuria wa upande wa Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Chuoni tulifundishwa kugeuza mtoto aliyekaa vibaya, kushona, kuzuia damu, na kukunja shuka pembe nne bila mkunjo, jambo ambalo mkaguzi alilithamini kuliko yale matatu ya kwanza. Huzuni inayomshika mama baada ya kujifungua ilipewa nusu ukurasa, katikati ya chuchu zilizopasuka na matiti yaliyovimba, na siku ambayo mwalimu angeifikia alikuwa na harusi ya mdogo wake. Mtihani haukuiuliza. Kwa hiyo tulihitimu tukiamini kwamba haipo, au kwamba ipo Ulaya, ambako watu wana nafasi ya kuhuzunika.

Kazi nilianzia wodi ya wazazi mjini Migori, chini ya matroni mmoja ambaye mikono yangu yote ni kazi yake. Siku ya kwanza aliniangushia vifaa vyote sakafuni kwa makusudi, akanitazama nikiviokota na kuvichemsha upya huku mama akilia kwa uchungu, kisha akaniambia sasa nimejua kwa nini trei ya pili huandaliwa mapema. Nilimheshimu na bado namheshimu. Lakini alikuwa na dawa moja kwa kila mama aliyelia baada ya kuzaa. Alimwinamia na kumwambia, "Umepewa mtoto mzima, unalia nini? Wenzako wamerudi nyumbani na leso tupu." Niliichukua dawa hiyo nikaitumia kwa miaka. Ilifanya kazi vizuri sana: waliacha kulia mbele yetu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikahamishiwa zahanati moja kando ya ziwa, si mbali na Sindo. Kijaluo changu kilikuwa cha kununulia samaki tu, kwa hiyo akina mama niliongea nao Kiswahili, na Kiswahili hicho wao na mimi tulikishika kama kikombe cha kuazima. Kwa lugha ya namna hiyo unaweza kuuliza mtoto anaharisha mara ngapi. Sikuwahi kujaribu kuuliza zaidi ya hapo, na kisingizio nilikuwa nacho.

Tulikuwa watatu. Kulikuwa na daktari, ambaye hakuwa daktari bali afisa wa kliniki, lakini hakuna aliyeona haja ya kuwaambia wagonjwa, yeye akiwa wa kwanza. Kulikuwa na mimi. Na kulikuwa na Min Pamela, yaani mama yake Pamela, mjane wa makamo aliyefagia, akachota maji, akachemsha vyombo na kusugua damu sakafuni kila tulipozalisha. Alikuwa kibarua. Mlangoni tulibandika orodha ya wafanyakazi, na jina lake halikuwemo.

Mizani yetu ilining'inia kwenye boriti ya veranda: uso wa mviringo wenye namba, ndoano chini yake, na kaptula ya turubai ambamo mtoto hutiwa miguu kisha akatundikwa. Ninyi wa leo mna mizani za kuwaka taa, hamjui taabu ya kusubiri mshale utulie mtoto akipiga mateke. Ukisoma, unageuka mezani, unatia nukta kwenye kadi na kuiunganisha na ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda unatabasamu. Ukishuka unamgombeza mama mbele ya laini nzima, ili na wengine wajifunze. Nilikuwa na sauti nzuri ya kugombeza.

Tena tulikuwa na utaratibu ambao niliubuni mwenyewe na kujivunia. Kila siku ya kliniki tulichagua kadi iliyopendeza kuliko zote, mwenye nayo akasimamishwa, wenzake wakampigia makofi. Tulimwita Mama Bora. Ndicho hicho nilichomwona mwenzenu akikifanya juzi, na sabuni ya zawadi juu yake. Hakuna aliyempima huyo mama mwenyewe. Angeweza kuwa anakufa wima, mradi mtoto ana mashavu.

Si kwamba wanawake waliozimika baada ya kuzaa hatukuwaona. Tuliwaona, na kila mtu alikuwa na jina tayari mfukoni. Kwa daktari ilikuwa malaria. Kwake kila kitu kilikuwa malaria, hata jino. Kwa wakwe ilikuwa chira, laana ya aliyevunja mwiko, na mwiko haukosekani ukiutafuta kwa bidii. Kwa wahubiri yalikuwa mapepo, ambayo kwa bahati yalitoka kwa kelele. Na sisi wengine, miaka ile ya mazishi kila Jumamosi, tulimtazama mama aliyekonda na kunyamaza, tukanong'onezana kwamba ana ugonjwa ule, tukasogeza viti. Majina manne na hakuna swali hata moja lililoulizwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini sisi tulikuwa na vyeti.

Sasa niwaambie habari za Akinyi. Alikuwa na miaka kama ishirini. Babake alichimba dhahabu Osiri, kwa hiyo kwa wakwe aliitwa nyar Osiri, binti wa Osiri, na jina lake lenyewe likabaki kwenye kadi. Mumewe alikuwa mvuvi aliyekaa Mfangano wiki kwa wiki. Alijifungua mtoto wa kiume mikononi mwangu bila taabu, na kufikia mwezi wa pili hakuna kadi iliyoishinda yake. Mtoto amepakwa mafuta anang'aa, nepi nyeupe, mstari unapanda. Nikamsimamisha. Alitazama sakafu mpaka makofi yakaisha, nami nikawaambia wenzake waige na unyenyekevu wake pia.

Wiki iliyofuata alirudi. Nikamwambia siku yake bado. Akasema, "Sista, pima tu." Nikapima, mtoto mzima. Baada ya siku mbili akarudi tena, na kabla mwezi haujafika katikati ikawa kila siku. Anakuja asubuhi, anakaa mwisho wa benchi, mtoto mapajani akiwa ametazama nje, na anaondoka tukifunga milango. Mwanzoni nilijigamba kwa daktari kwamba nimewafundisha watu kupenda kliniki. Baadaye akanichosha. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mtoto si gunia la mahindi la kupimwa kila siku ya soko, arudi mwezi ujao kama watu wengine. Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alimfunga mtoto mgongoni akatoka, na kesho yake nikamwona amekaa nyuma ya ukuta wa choo, mahali alipodhani sitamwona. Nilijifanya sijamwona. Nilikuwa na kazi.

Min Pamela ndiye aliyempelekea uji huko nyuma ya choo. Siku moja nikipanga kadi alisimama mlangoni na ufagio wake.

"Sista, huyo nyar Osiri haleti mtoto hapa," akasema.

Nilimjibu kwamba mtoto nimempima kwa macho yangu haya.

"Haleti. Anarudisha. Anatafuta mtu wa kumpokea. Hata akinyonyesha anaangalia kando. Na halali, hata mtoto akilala. Nimemuuliza."

Nilimwambia kwamba mimi nimesomea kazi hii na yeye aendelee kufagia. Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyonitoka, kwa sababu najua wapo kati yenu waliomwambia mtu hivyohivyo wiki hii. Min Pamela aliendelea kufagia.

Siku ya kliniki ikafika, na Akinyi sasa alikuwa na haki ya kuja, mwezi ulikuwa umetimia. Laini ilikuwa imefika barabarani. Zamu yake ilipofika alimvua mtoto, akamtia kwenye kaptula, akakaza mikanda na kumtundika yeye mwenyewe kwa uangalifu ambao sikuuona kwa mama mwingine yeyote. Nilisubiri mshale utulie. Nikasoma, nikageuka kutia nukta. Mstari ulikuwa mzuri sana. Nilipogeuka kumsifu, mtoto alikuwa ananing'inia peke yake.

Nikafanya nini? Nikatania. Nilisema kwa sauti kwamba kuna mtu amesahau mzigo kwenye mizani, na akina mama wakacheka tena. Nilidhani ameenda choo. Nilimtundua mtoto, nikampa mama wa karibu amshike, nikaita anayefuata. Nilipima watoto watatu zaidi. Idadi hiyo haijanitoka kichwani miaka yote hii, watatu, na nukta zao nilizitia vizuri.

Min Pamela alikuwa nyuma akimwaga maji machafu. Aliposikia kilio cha yule mtoto alikuja, akamtazama, akatazama mahali Akinyi alipozoea kukaa, akaweka ndoo chini na kushika njia ya ziwani. Hakuniomba ruhusa. Nilimwita, akajifanya hasikii.

Mambo ya huko alinieleza baadaye. Wanawake waliokuwa wakifua ufuoni walikuwa wamemwona Akinyi akiingia majini na nguo zake, wakadhani anaoga, wakaendelea kufua. Maji yalikuwa yamemfika kifuani na hakuwa na haraka. Min Pamela hakujua kuogelea. Aliingia hivyohivyo na viatu, akamshika mkono, ila hakumvuta. Alimwambia kwamba maji ni baridi na yeye ni mzee, kwa hiyo kama watasimama hapo waambiane kabisa watasimama mpaka saa ngapi. Wakasimama. Kisha Akinyi akaanza kutetemeka, na wakatoka.

Walirudi wameloa. Niliwaingiza chumba cha kujifungulia, na Mungu anisamehe, maneno ya kwanza yaliyonijia mdomoni yalikuwa yale ya matroni, ya leso tupu. Min Pamela alinitangulia. Aliketi sakafuni kando ya Akinyi na kumwambia kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "Ambia sista kwa nini unakuja kila siku."

Akinyi alikamua maji kwenye upindo wa nguo yake. "Kwa nyumba niko peke yangu na yeye," akasema. "Naona mikono yangu ikimfanyia vitu mbaya. Sijafanya. Lakini naona. Hapa kuna watu. Hapa hata nikiharibika, mtu atamshika." Halafu akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nimjue. "Ulisema nirudi mwezi ujao. Nikajaribu."

Nililia pale pale. Kulia sikuonei aibu. Aibu yangu ni ya yaliyotangulia. Yule msichana alikuwa amemleta mwanawe mahali pa pekee alipojua atakuwa salama, kila siku, kwa miguu, na mimi nilimfukuza kwa mzaha.

Daktari alikuja, akamtazama akiwa mlangoni, akaandika malaria. Mama mkwe akaja kabla ya jua kuzama na miwani yake ya kamba, akasema chira. Nilitaka kumdharau yeye pia lakini sikuweza, maana alikuwa amekimbia njia nzima. Nilipomweleza kwamba Akinyi hatakiwi kuachwa peke yake hata kidogo, alinijibu kwa haki kabisa kwamba mila haimruhusu mama mkwe kulala katika nyumba ya mwanawe, na akivunja hilo ndipo chira itakapokuja ya kweli. Vyeti vyetu havikuwa na dawa ya hilo. Min Pamela akasema yeye si mkwe wa mtu yeyote pale, akaenda kuchukua blanketi lake. Alilala kwa Akinyi wiki tano, asubuhi akaja kufagia.

Akinyi mwenyewe nilimpeleka hospitali moja kubwa ambayo sitaitaja. Tulingoja tangu asubuhi. Daktari wa huko alisoma barua yangu akatabasamu. "Sista, hiyo depression ni ya watu wa Nairobi," akaniambia bila kuinua kichwa. "Huyu anahitaji tu kula na kulala." Nikamwambia ni kweli kabisa, na vyote viwili vimemshinda, ndiyo maana tuko mbele yake. Nikakataa kuinuka kwenye kiti. Laini yake ilikuwa ndefu, akaandika vidonge ili tumwondokee, na kwa bahati vilikuwa ndivyo.

Mume alipelekewa habari na mashua ya samaki. Alikuja, akakaa siku nne akimtazama mkewe kama mtu anayetazama injini iliyozimika, akarudi Mfangano, kisha wiki iliyofuata akaja tena na kukaa. Huyo nilimpa alama zaidi ya madaktari wote wawili. Vidonge vilichukua wiki tatu kuonyesha kitu, nasi tukaanza kukata tamaa siku chache tu kabla. Asubuhi moja Min Pamela alikuja kuniambia kwamba mtoto amemkojolea mama yake, na mama amemgombeza, amecheka, kisha amelala usingizi mpaka uji ukapoa.

Mama Bora nilikuwa nimeshamfuta. Nilianza kuuliza, na nikaona kuuliza kulivyo rahisi, jambo ambalo liliniudhi sana. Unamuuliza mama kama, mtoto akilala, yeye naye analala. Unamuuliza chakula kina ladha gani mdomoni. Unamwangalia anaposhika mtoto, kama macho yake yanamfuata au yamebaki ukutani. Akikwambia ana mawazo mengi, paro kama wasemavyo Wajaluo, usimwambie kila mtu ana mawazo. Unamuuliza mawazo gani, kisha unafunga mdomo, na hilo la mwisho ndilo gumu kwa manesi. Yule anayekuja mara nyingi mno mwogope kuliko yule asiyekuja. Yule safi kupita kiasi usimpigie makofi kabla hujamketisha.

Baadaye nilialikwa semina Homa Bay, nieleze jinsi nilivyomtambua yule mgonjwa. Nilivaa sare mpya. Nilieleza vizuri, kwa chaki na mchoro, na washiriki wakanipigia makofi. Min Pamela sikumtaja. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye vyeo, nami nilijua mtu angeuliza cheo chake. Nyani haoni kundule. Muda si mrefu amri ikaja vibarua wapunguzwe, naye akaondoka na ufagio wake, kwa kuwa ulikuwa wake. Nilisikitika, nikasaini karatasi.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini Akinyi akaingia kliniki na mimba ya miezi saba, yule mvulana akimtangulia kwa mbio na vumbi mpaka magotini. Nilifurahi kumwona. Nilimpima damu, nikapima tumbo, nikamsikiliza mtoto. Alivaa nguo zake taratibu huku akichungulia uani.

"Yule mama wa kufagia ako wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia aliachishwa kazi. Kisha akasema kwamba tumbo hili linamtia hofu, si ya kuzaa, ni ya baada ya kuzaa, na akauliza nani atamwangalia safari hii.

"Mimi," nikasema, nikajinyoosha kidogo, mtu wa semina.

Alinitazama bila ubaya wowote, kama mtu aliyeambiwa duka halina chumvi. "Wewe unapimanga mtoto," akasema.

Nilimwomba aketi asiondoke. Nikafunga chumba, laini ikanung'unika, nikapanda kilima kwenda kwa Min Pamela. Nilimkuta akipalilia mtama. Nikamweleza yote nikihema: kwamba nyar Osiri amerudi, kwamba ana miezi saba, kwamba anaogopa, kwamba presha yake ni nzuri, damu inatosha, mtoto ametanguliza kichwa na moyo wake unapiga sawasawa. Min Pamela alimaliza mstari wake kwanza. Kisha akaegemea jembe.

"Analala?" akaniuliza.

Nikamwambia sijamuuliza.

Alinawa miguu kwenye karai, akavaa viatu, akanipita na kutangulia njiani.